Trame Mbovu kutoka Kpandroma

Bunia, Jumatatu, 4 Agosti 2003

Daftari hili lilikuwa la Léon, fundi wetu wa kompyuta. Kurasa nane za mwanzo zina michoro yake, masanduku na nyaya, na alama ya mviringo ya kikombe cha chai. Mimi naanzia ukurasa wa tisa.

Muzee Lucien, mkuu wa ofisi, ameniagiza nihesabu kila tunapopokea: trame ngapi zimefika, ngapi zimeharibika, hali ya hewa ikoje. Nampa kwenye karatasi yake. Hapa naziandika tena kwa kuwa naogopa karatasi ile kupotea, na mengine nayaandika kwa kuwa naogopa tu. Léon alizoea kuniambia, "Domitille, andika kama vile atakayesoma hajui kitu." Basi naandika hivyo.

Tunatafuta watoto. Mwezi wa tano, vita vilipoingia mjini, kila mtu alikimbia na njia yake, na mikono ikaachana barabarani. Watoto wengine walichukuliwa na mkondo wa watu mpaka milimani, Kpandroma. Huko misheni mwenzetu Didier anawaandikisha, kila mtoto na fiche yake, karatasi ya maelezo yenye namba. Majina yao hayasomwi kwa sauti kwenye fonia, redio yetu ya mawasiliano, kwa sababu kila kundi lenye bunduki lina redio pia, na hapa kwetu jina la mtu linatosha kusema ni mtoto wa nani. Kwa hiyo Didier anayaandika kwenye kompyuta, modemu inayageuza kuwa mlio, mlio unapita angani, na modemu yetu inaurudisha kuwa nambari. Nambari zinaingia katika kompyuta yangu kwa waya mmoja, moja moja, kama watu wanaopita mlango mwembamba.

Kila mtoto ni trame moja, yaani kifurushi kimoja cha nambari. Kinafunguliwa na nambari 2. Inafuata nambari inayosema ni ngapi ziko ndani. Kisha jina, kila herufi na nambari yake, kisha umri, fiche, na mtaa wa nyumbani. Kisha jumla, ya kuhakikisha kwamba hakuna kilichoharibika njiani. Mwisho inakuja 3, inayofunga.

Programu inayozipokea Léon hakuiandika, aliichora. Sanduku moja linangoja 2, jingine linahesabu, jingine linajumlisha, na nyaya za rangi zinatoka hapa kwenda pale. Mimi niliyesoma commerciale, mambo ya biashara tu, niliweza kufuata kwa kidole kwenye kioo nambari inakokwenda. Pembeni mwa masanduku aliniachia maneno madogo. Pembeni mwa lile linalohesabu ameandika: "Kumbuka magunia ya Papa." Aliondoka na lori la Beni mwezi wa saba. Mke wake ana mimba, sikuweza kumlaumu.

Jumanne, 5 Agosti

Trame 22. Mbovu 1. Mawingu.

Trame mbovu ni ile ambayo jumla yake haikubali. Hiyo hatuisomi. Mwezi wa sita tulisoma moja, tukamwambia mama mmoja kwamba mwanawe amepatikana, kumbe radi ilikuwa imebadilisha herufi mbili za jina. Sitasahau alivyotandika kitenge chake sakafuni akakaa. Tangu siku ile Muzee Lucien alikata shauri: trame mbovu inahesabiwa tu, haisomwi.

Mama Hortense wa mtaa wa Mudzipela amekuja tena. Anauza mikate, na nguo zake zinanukia mafuta ya kukaangia hata ukiwa upande wa pili wa ukuta. Anatafuta binti yake Fifi.

"Haiko ku liste, mama," nikamwambia.

"Umeangalia muzuri, weye binti ya ordinateri?"

"Nimeangalia."

"Angalia tena. Macho haiuzwe."

Nikaangalia tena, mbele yake. Ananichosha.

Ijumaa, 8 Agosti

Siku mbaya. Mvua kubwa ilianza Didier alipokuwa ameanza kutuma. Trame tatu zilifika, kisha kioo kikasimama kimya. Modemu inawaka, nambari zinaingia, na programu haitoi jina hata moja. Nje kwenye benchi kulikuwa na wazazi kumi na wawili.

"Ordinateri yenu inalala?" Muzee Lucien aliuliza. Alikuwa mkurugenzi wa shule miaka ishirini, na hata akiuliza saa ngapi unahisi umechelewa.

Mchana nimeelewa. Radi iligonga ile nambari ya idadi. Badala ya 18 ikafika 210. Sanduku la Léon ni tiifu mno: likakaa linangoja nambari mia mbili na kumi, likameza trame ya nne, ya tano, ya sita, karibu nusu ya orodha, ikabaki rundo lisilo na maana.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimerekebisha! Nimefuta sanduku linalohesabu. Mahali pake nimeweka jingine ambalo ni jepesi zaidi: likiona 2 linafungua, linapokea kila kinachokuja, likiona 3 linafunga. Sasa radi ikiharibu trame moja, inayofuata inaanza upya, haimezwi. Yale maneno ya magunia nayo nimeyafuta, maana sanduku lao halipo tena. Sanduku la pembeni ambalo Léon aliliita "ghala," linalohifadhi nambari zote kwenye diski jinsi zinavyoingia, sikuligusa. Naogopa kugusa nisichokielewa.

Muzee Lucien alisimama nyuma yangu akasema, "Bon travail, ma fille." Nimerudi nyumbani Ngezi kwa miguu nikitabasamu peke yangu, mpaka Tantine Adeline ninayeishi naye akaniuliza ni nani huyo.

Jumanne, 12 Agosti

Trame 27. Mbovu 3. Mvua. Kioo hakikusimama.

Mama Hortense: haiko.

Ijumaa, 15 Agosti

Trame 29. Mbovu 4. Mvua.

Didier anasema watoto wanazidi kuletwa misheni kutoka mashambani, maana chakula kimekwisha huko walikokuwa wamehifadhiwa. Anawatuma wote kila mara, mpaka kila mmoja apate mtu.

Haiko.

Jumanne, 19 Agosti

Trame 31. Mbovu 5. Ngurumo.

Jumanne, 26 Agosti

Trame 33. Mbovu 6. Mvua tangu alfajiri.

Mama Hortense alifika amelowa, na mikate mitano ndani ya gazeti, mikavu kabisa. Sijui aliibeba vipi. Nilimwambia haiko kabla hajakaa. Akakaa vilevile.

"Nipumuzike kidogo," akasema. "Barabara yenu iko na matope ya bure."

Akaanza kunieleza habari za Fifi bila kuulizwa. Kwamba nyumbani Mudzipela sukari ilikuwa inapungua, kila asubuhi kijiko kimelowa. Akauliza, nani alikula sukari? Fifi, midomo inang'aa sukari, akajibu: "Paka."

"Na siye hatuna paka," Mama Hortense akasema. "Tangu nimeolewa sijafuga paka. Baba yake alicheka mpaka akalia. Kila siku tunamuuliza, nani alikula sukari? Paka. Anasema na macho kavu, kama muheshimiwa."

Nilicheka. Sikutaka, lakini nilicheka. Yeye pia, kisha akafuta kiti alicholowesha kwa ncha ya kitenge, akaenda zake. Mikate aliiacha.

Ijumaa, 5 Septemba

Trame 34. Mbovu 7. Mvua. Risasi upande wa Mudzipela. Hakuja.

Jumanne, 9 Septemba

Trame 34. Mbovu 8. Jua kali, la ajabu. Didier kwenye fonia anasema kwao ndiko kunakonyesha, lazima.

Alikuja. Haiko.

Ijumaa, 12 Septemba

Trame 36. Mbovu 8. Mvua.

Leo mvua imenipiga ndani ya moyo, sijui kwa nini. Labda ni harufu. Mwanamke mmoja alipita na kikapu cha viazi vya milimani, vile vyekundu vyenye udongo mweusi, nikamkumbuka Léon na soko la zamani.

Baba yake alikuwa anapokea malori ya viazi kutoka Kpandroma. Siku za Alhamisi, kabla ya vita, lori liliposhuka Mudzipela, mtaa mzima ulijua kwa kelele. Watu wa kwetu, tuliotoka Butembo, tulikuwa tunanunua pale, tukigombana bei na wauzaji kwa lugha tatu, na hakuna aliyekuuliza wewe ni nani isipokuwa kwa kukutania. Léon ndiye aliyekuwa akihesabu magunia kwa baba yake tangu akiwa shule ya msingi. Dereva alikuwa anakuja na kikaratasi kutoka mlimani: magunia themanini na nne. Unahesabu yanavyoshuka mpaka themanini na nne yatimie. Huangalii kama lori limebaki tupu.

Alinieleza haya siku aliyonionyesha programu, chai mkononi. Anasema siku moja alichoka, alikuwa na homa. Aliposhusha akaona turubai lililokunjwa, jambo ambalo kwa kawaida lilimaanisha ndani hakuna kitu tena. Akapiga ukelele, imekwisha! Lori likaondoka. Nyuma ya turubai kulikuwa bado na magunia tisa. Baba yake hakumpiga. Alimfanya atembee kwa miguu mpaka Iga Barrière kulifuata lori.

"Tangu siku ile," Léon akasema, "mi siamini turubai. Minahesabuka."

Tulicheka. Dirisha lilikuwa wazi, na hakuna aliyekuwa anaogopa dirisha lililo wazi.

Jumanne, 16 Septemba

Trame 36. Mbovu 9. Mvua.

Ijumaa, 19 Septemba

Trame 37. Mbovu 9. Mvua. Haiko. Nimeanza kuliogopa neno hili kabla halijatoka mdomoni.

Jumanne, 30 Septemba

Trame 37. Mbovu 10. Mvua ya mawe.

Mama Hortense leo hakuuliza. Alisimama mlangoni akaniangalia usoni, nami nikatikisa kichwa. Kisha akasema kwa sauti ya chini, sauti ambayo sikuijua kwake:

"Bandugu ya baba yake wanasema miezi tano imetosha. Wanasema mutoto anasumbuka kule eko, juu ya vile hatujamulilia."

Wanataka kufanya matanga. Jamaa watatoka Komanda barabara ikiruhusu. Baada ya matanga watamchukua waende naye, aache Mudzipela, aanze maisha upya. Akaniuliza mimi, mimi karani wa miaka ishirini na mbili, kama ni vizuri.

Nikasema, "Mama, liste inaongezeka kila semaine."

"Kila semaine unaniambiaka haiko. Weye ni mutu wa kusoma. Weye haudanganye."

Zamani nilikuwa naomba asije. Leo nimetoka hadi barabarani kumsindikiza.

Ijumaa, 10 Oktoba

Trame 38. Mbovu 11. Mvua.

Matanga ni Jumamosi ya wiki ijayo, tarehe 18. Mama Hortense ameacha mikate mezani, akasema hatakuja tena Jumanne na Ijumaa, ana maandalizi. Nilitaka kumwambia asubiri. Lakini asubiri nini? Mimi nina orodha, na orodha haina Fifi.

Jumanne, 14 Oktoba

Trame 38. Mbovu 11. Mvua. Benchi lake tupu.

Ijumaa, 17 Oktoba

Nitajaribu kufuata mpangilio.

Saa nne asubuhi tulipokea. Mvua ilikuwa kubwa kuliko ya Jumanne, nilitegemea mbovu kumi na mbili, kumi na tatu. Zilikuwa 10. Trame nzuri 39. Aliyeongezeka ni Kasereka, miaka 4, fiche namba 97. Namba hiyo ilinishtua. Fiche za juma hili zinapita 140. Namba 97 ni ya mwezi wa nane.

Nikamwita Didier kwenye fonia, nikataja fiche tu.

"Quatre-vingt-dix-sept, umemupata lini?"

"Ah, ule wa zamani! Minamutumaka tangu mwezi wa nane, kila Jumanne, kila Ijumaa."

"Hajafika hata mara moja, Didier."

"Basi ni mvua yako."

"Leo mvua ni kubwa zaidi, na amefika. Umebadilisha nini?"

"Sijabadilisha kitu." Kisha mlio, kisha sauti yake tena. "Umri tu. Koko yake, bibi yake, iko hapa misheni, alikuja kuniambia jana, mutoto amefikisha quatre ans. Nikatosha trois, nikaweka quatre. Unauliza juu ya nini?"

Nadhani niliacha kitufe kimebanwa, kwa sababu Muzee Lucien alikuja kukiachia.

Trois. Umri unatumwa kama nambari moja tupu. Mtoto wa miaka mitatu ana nambari 3 katikati ya trame yake. Na sanduku langu, sanduku nililolichora mwenyewe na kupongezwa, likiona 3 linafunga. Linafikiri imekwisha. Limeona turubai.

Sanduku la Léon lisingekosea. Lingesoma idadi na kuhesabu, na 3 ikipita katikati lingeiacha ipite, gunia kama magunia mengine. Kumbuka magunia ya Papa. Nilikuwa nimefuta maneno yale kwa mkono wangu.

Nikafungua ghala. Nikachapa nambari za asubuhi kwenye karatasi, nikakaa nazo chini na jedwali la herufi, kalamu mkononi, kama mtoto wa shule. Mbovu ya kwanza: jina, nafasi tupu, umri 3, imekatwa. Ya pili: jina, nafasi, umri 2. Hapa napo sanduku langu lilidhani trame mpya inafunguliwa, likatupa ya mwanzo. Ya tatu, 3. Ya nne, 3. Katika kumi, tisa ni watoto wa miaka miwili na mitatu. Moja tu ndiyo iliyoharibiwa na radi. Miezi miwili nimelaumu mvua.

Ya saba ilikuwa hivi: 2, 21, 70, 105, 102, 105, 32, 3.

Nilijua kabla ya kuangalia jedwali. 70 ni F. 105 ni i. 102 ni f. 105. Kisha 32, ambayo ni nafasi. Kisha umri.

Nilihesabu ishirini na moja kwa kidole, nikapita ile 3 bila kusimama. Fiche 114. Mtaa, Mudzipela. Nikajumlisha mara tatu. Jumla ilikubali mara zote tatu.

Nilikwenda kwa Muzee Lucien nikamwambia yote nikiwa nimesimama, kwa sababu nilihofia nikikaa sitamaliza. Nilimwambia kosa ni langu, kwamba nimewajibu wazazi haiko, haiko, na watoto walikuwa wanapita hapa mezani kwangu mara mbili kwa juma. Nilingoja anifukuze. Alivua miwani.

"Na nani alisema trame mbovu haisomwi?" akauliza.

"Muzee, ilikuwa kwa uzuri..."

"Nani alisema?"

"Ni weye, muzee."

"Basi tuko bawili. Utalia kesho. Ule mama iko wapi?"

Nikamwambia juu ya matanga. Akaangalia saa. Saa tisa Didier huketi kwenye fonia kwa habari za usalama. Muzee alisema Bunia inaweza kuwa na kina Fifi wengi, na hatatoa tumaini la uongo mara ya pili. Mama na mtoto wasikilizane kwanza, bila jina kutajwa hewani. Akaongea na Didier: saa tisa, fiche 114 awe mbele ya redio. Kisha akatafuta dereva. Dereva hakuwepo. Vijana wa moto, wale wa pikipiki za abiria, wakasema Mudzipela leo hawaendi, asubuhi kulikuwa na risasi.

Tangu mwezi wa tano sijaenda Mudzipela. Nimekwenda kwa miguu. Naandika hili polepole kwa sababu bado sijaamini. Niliwapita askari wa kofia za buluu kwenye gari lao jeupe, nikapita nyumba zisizo na paa, na mahali malori ya viazi yalipokuwa yanasimama sasa kuna majani mpaka magotini. Miguu ilikuwa inakwenda, mimi nikiifuata.

Uani kwa Mama Hortense mikeka ilikuwa imekwisha kutandikwa. Wanawake walikuwa wanachambua maharage. Yeye alikuwa ameketi chini, kichwa kimefungwa kitambaa cheusi. Aliponiona alisimama.

"Nani alikutuma huku, na hizi risasi? Weye iko na kichaa?"

"Mama, twende kwa bureau."

"Bureau ya nini? Mi nilimaliza na bureau."

"Twende, mama. Ni mimi nilikosea. Twende."

Shemeji yake, baba mmoja mwenye koti refu, akasema, "Dada, wacha kumuchezea mama. Watu wametoka mbali." Sikuweza kusema amepatikana. Nilisema tu, "Papa, nikimudanganya, munilete hapa munilaze kwa mukeka." Mama Hortense alikuwa amekwisha kuvaa ndara.

Saa tisa na dakika nne alikuwa ameketi mbele ya fonia. Muzee Lucien alimwonyesha kitufe.

"Majina hapana, mama. Ya kwako hapana, ya mutoto hapana. Kuko bantu wanasikiliza."

"Sasa nitamujua je, kama simuite?"

"Muulize kitu."

Mlio, upepo, sauti ya Didier, akimwita mtoto kifurushi: "Le colis iko hapa, iko mbele yangu. Anaogopa mashine. Hasemi."

Mama Hortense alibana kitufe. Akakiachia. Akabana tena, na mkono wake wa pili ukashika mkono wangu, mgumu, wenye makovu madogo ya mafuta.

"Nani alikula sukari?" akasema.

Radi ndogo, mbali. Didier akasema, "Rudia, hakusikia muzuri."

"Ninauliza," akasema, sauti imepanda sasa, sauti yake ya sokoni, "nani alikula sukari?"

Kisha kutoka milimani, ndani ya ule mchakacho, sauti ndogo yenye hasira, kama ya mtu anayechoshwa na swali analoulizwa kila siku:

"Paka."

Sitaandika zaidi kwa leo.

Jumanne, 21 Oktoba

Jana nimerudisha sanduku la kuhesabu. Nimeongeza kitu kimoja ambacho Léon hakukiweka: idadi isipotimia kwa sekunde mbili, sanduku linaacha, linangoja 2 nyingine. Hivyo radi haitalifanya lingoje milele. Pembeni nimeandika upya maneno yake.

Matanga hayakufanyika. Maharage yaliliwa hata hivyo, nasikia, na kwa kelele.

Katika wale tisa, sita wazazi wao wako mjini, nimewafuata nyumba kwa nyumba na Muzee Lucien. Watatu wazazi wao walikuja hapa, nikawaambia haiko, wakaondoka, mmoja Beni, mmoja ng'ambo ya ziwa, mmoja hakuna anayejua. Majina yao nimeyaandika ukurasa wa mwisho wa daftari hili. Nikifukuzwa kazi nitaendelea kuwatafuta. Muzee anasema sifukuzwi, ila sitapongezwa kwa muda mrefu. Nimemwambia ni sawa.

Nimemwandikia Léon barua, itakwenda na lori la Beni. Nimemweleza kila kitu, hata nilivyofuta. Nimemwuliza kama mtoto amezaliwa. Nimemwambia sokoni majani yamefika magotini, lakini jana nilimwona mtu anayafyeka.

Ijumaa, 31 Oktoba

Fifi alifika jana na ndege ndogo ya misheni, mwembamba, na kiatu kimoja. Mama Hortense alimleta ofisini leo. Mtoto aliangalia kompyuta, akaniangalia mimi, akajificha nyuma ya kitenge kinachonukia mafuta.

"Musalimie tantine," mama yake akasema. "Ndiye alikupoteza, ndiye alikupata."

Alisema akicheka, na ilikuwa kweli yote mawili. Mikate ilikuwa bado ya moto.

Trame 47. Mbovu 2. Mvua.

Zote mbili nimezisoma, nambari kwa nambari. Ni radi kweli. Nimemwomba Didier azitume tena, na naketi hapa nikingoja.